Mguu wa Kaboss Si Kazi ya Mamake Pekee

Wasee, leo sina mzaha. Kama umekuja kucheka, tutacheka wiki ijayo. Leo nataka tuongee kuhusu mguu mmoja wa kushoto, wa mtoto wa miaka minne, na vile huo mguu ulituonyesha sisi watu wakubwa wa hii keja kwamba tunajua sana kusema pole na hatujui kusaidia.

Mtoto ni wa sista yangu. Hapa tutamwita Kaboss, kwa sababu ndivyo anavyojiita mwenyewe akitaka chapati ya pili. Mwaka jana alipata homa usiku, joto kali, anatapika. Asubuhi sista akamkimbiza kliniki ndogo ya hapa mtaani kabla aende kazi. Jina la hiyo kliniki silitaji, na haitasaidia mtu nikilitaja. Akadungwa sindano kwa tako la kushoto.

Kilio cha sindano kila mtu anakijua. Kinaanza kabla sindano haijafika na kinaisha ukitoa peremende. Hiki hakikuisha. Sista anasema Kaboss alipiga nduru moja, akashika mguu, na alilia mpaka wakafika nyumbani. Jioni homa ilikuwa imeshuka, tukashukuru Mungu. Halafu akashuka kitandani kuja kutazama katuni, na nikaona kitu. Alikuwa anainua goti juu sana kama mtu anayepita kwa matope, na wayo unaanguka chini wenyewe, pap, pap, pap.

Mathe akasema mguu umelala, utaamka. Shosho kwa simu akasema ni jicho la mtu. Jirani akasema ni polio, akarudisha watoto wake ndani. Mimi nilisema ngojeni kesho. Yaani watu wanne, majibu manne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa sahihi. Sista peke yake ndiye alimbeba mgongoni asubuhi akapanda mat mpaka hospitali kubwa.

Huko daktari hakuchukua muda. Alimwambia Kaboss ainue vidole vya mguu vielekee kwa uso wake. Mguu wa kulia, sawa. Wa kushoto, hakuna kitu. Akamgusa juu ya wayo, mtoto hakusikia vizuri. Akauliza swali moja: "Alidungwa wapi?"

Sasa sikiza, kwa sababu hii hatukufunzwa shuleni vile inafaa. Kuna neva inaitwa siatiki. Ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Inatoka chini ya mgongo, inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika mara mbili. Tawi moja linazunguka upande wa nje wa goti na kwenda kwa misuli inayoinua wayo. Mtu mzima ana nyama ya kutosha hapo nyuma, lakini mtoto mdogo, tena mwembamba, nyama ni kidogo na neva iko karibu. Sindano ikiingia mahali si pake, au dawa yenyewe ikimwagika karibu na neva, ile neva inaumia. Ndiyo maana mtoto anaweza kuingia kliniki akitembea na kutoka akiburuta mguu.

Kuna kitu kingine kilitushtua. Siku mbili baadaye afisa wa afya alipiga simu akitaka choo cha mtoto, mara mbili, masaa 24 katikati. Sista alikasirika. "Kwani mnataka kusema sikumpeleka chanjo?" Lakini si hivyo. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla huripotiwa, na choo chake hupimwa polio, hata kama daktari anashuku ni sindano. Ndivyo nchi inajua kama polio imerudi. Kwa hivyo ikitokea kwenu, usimfukuze huyo mtu mlangoni. Mpe choo. Si matusi, ni ulinzi wa watoto wa ploti nzima.

Haya, sasa tufike kwa maoni yangu, kwa sababu ndio nimekuja kusema. Tukisikia mtoto ameumia neva, watu wote wanataka jibu la siku moja. Dawa gani? Daktari gani? Mchungaji gani? Na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haifanyiki hospitali. Inafanyika kwa godoro la nyumbani, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Halafu hiyo kazi yote tunamwachia mama mmoja aliyechoka, na mguu ukikataa kupona tunasema ni bahati mbaya.

Hebu nikupe hesabu uone kwa nini nasema miezi. Neva iliyoumia ikianza kukua tena, huenda karibu milimita moja kwa siku. Milimita moja! Chukua rula uangalie. Kutoka kwa tako la mtoto mpaka misuli ya mbele ya muundi inaweza kuwa sentimita 30 hivi. Hiyo ni milimita 300. Kwa hivyo siku 300, karibu miezi kumi, kabla ujumbe ufike. Wengine neva huwa imeguswa tu kidogo na wanarudi kwa wiki chache. Wengine huchukua zaidi ya mwaka. Wengine haurudi wote. Hakuna mtu anaweza kukuahidi mapema, na anayekuahidi anataka pesa.

Sasa, katika hiyo miezi kumi ya kungojea, mguu haukai tu hapo ukisubiri. Misuli ya kuinua wayo imelala, lakini misuli mikubwa ya nyuma, ya shavu la mguu, bado inavuta. Inavuta kila siku. Ile kano nene ya juu ya kisigino inafupika, na wayo unakwama ukiangalia chini kama wa mtu amesimama kwa vidole. Mtoto naye anaendelea kurefuka. Halafu siku neva inafika na kusema haya, inua, wayo umeshakwama. Umengoja stima miezi kumi, imerudi, na balbu umeshavunja.

Hiyo ndiyo sababu ya mazoezi. Watu wanadhani tiba ya viungo, hii tunaita fizio, ni kufanya neva ikue. Hapana. Neva inakua kwa wakati wake. Fizio inaweka mguu tayari ili neva ikifika ikute mlango uko wazi.

Sasa mimi nitakiri. Sista alirudi na karatasi ya mazoezi, akaibandika kwa friji. Tulikuwa watu wazima watatu hapo ndani. Mathe akasema pole mwanangu. Mimi nikasema pole sista, utaweza. Halafu kila mtu akarudi kwa simu yake. Sista alikuwa anaamka saa kumi na moja, ananyoosha mguu, anapika uji, anaenda kibarua, anarudi saa mbili usiku, ananyoosha mguu wa mtoto aliyelala tayari.

Baada ya kama miezi miwili kazi ikambadilishia zamu. Akaniomba, "Bro, wiki mbili tu, mfanyie asubuhi na jioni." Nikasema bila shida. Siku ya kwanza nilifanya. Siku ya pili Kaboss alilia, nikamwonea huruma nikamwachia. Siku ya tatu nilikuwa na video ya kuhariri. Unajua vile inaenda. Sista akiuliza nasema tumefanya.

Wiki mbili zikaisha, tukaenda naye kliniki ya fizio, mara hii nikiwa nao. Yule dada wa fizio ana karula fulani ka plastiki ka kupima pembe ya kifundo. Akapima. Akaangalia daftari. Akapima tena. Mara ya mwisho wayo ulikuwa unapita pembe mraba kwenda juu nyuzi kumi. Sasa ulifika pembe mraba ukakwama. Akamwangalia sista, akamuuliza kwa upole, "Mama, mazoezi mlikuwa mnafanya?" Sista akasema ndiyo, kwa sababu ndivyo nilimwambia. Akaonekana yeye ndiye mwongo.

Mimi nilikuwa hapo, nimeshika begi. Nilikaa kimya kama sekunde kumi, halafu nikasema ni mimi. Sijawahi kusikia chumba kikinyamaza hivyo. Yule dada hakunigombeza. Alisema tu, "Basi njoo hapa, nikufunze wewe." Nikafunzwa. Tangu siku hiyo asubuhi ni yangu.

Kwa hivyo nikikuambia mambo ya hapa chini sikuambii kama daktari. Nakuambia kama anko aliyeharibu na akarudi kurekebisha. Mtoto wenu lazima aonwe na mtaalamu kwanza, na mazoezi yake yatoke kwake, kwa sababu kila mguu una shida yake. Lakini hivi ndivyo kwetu inaenda.

Kunyoosha kwanza. Kaboss analala chali, goti limenyooka. Mkono mmoja unashika kisigino chenyewe, wayo unalala kwa mkono wangu, halafu nasukuma polepole uelekee uso wake mpaka nihisi imekaza. Hapo nasimama, nahesabu mpaka 30, naachilia. Mara tano. Kosa langu la kwanza lilikuwa kusukuma kwa vidole. Ukifanya hivyo unakunja katikati ya wayo na kisigino kinabaki pale pale, unajidanganya. Shika kisigino. Na isiwe ya kumuumiza. Kukaza ni sawa, kulia kwa maumivu si sawa.

Halafu mchezo, na hapa ndio sisi vijana tunashinda wazazi. Mtoto wa miaka minne hafanyi mazoezi, anacheza. Bano tunazimwaga sakafuni, anachutama kuziokota moja moja na kuzitia kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Kuchutama huko kunanyoosha kisigino bila yeye kujua. Tunaruka kamba iliyolala chini, baadaye nikaiinua kidogo. Tunatembea kwa visigino kama bata, na mimi lazima nitembee pia, la sivyo anasema ni uonevu. Tunapiga mpira, lakini mguu wa kushoto ndio unapiga, wa kulia ni goli. Ikifika dakika kumi na tano amechoka, na amefurahi, na sijatumia neno zoezi hata mara moja.

Kuna kile kiatu cha plastiki pia, kinachoshika wayo na muundi ili usianguke. Kwa Kaboss ndicho kilimrudisha shuleni bila kujikwaa. Lakini kina kazi yake. Kila jioni kivue uangalie ngozi. Ukiona wekundu ambao haujaisha baada ya nusu saa, kinambana, kirudishe kirekebishwe. Na mtoto anakua, kwa hivyo kitaisha size hata kama hakijavunjika.

Kuhusu ngozi, hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mguu ambao neva imeumia hausikii vizuri. Kaboss aliwahi kukaa karibu na jiko mpaka ngozi ikawa nyekundu na hakusema kitu. Sasa maji ya kuoga napima kwa mkono wangu, haendi nje bila kiatu, na jioni tunaangalia katikati ya vidole. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mpeleke akachanjwe, au mkande na maji ya moto kabisa, au mchome kidogo neva iamke, nataka kulia. Unachoma mguu ambao hauwezi kukuambia unaungua. Na kama mtoto analia usiku, blanketi ikimgusa tu anaruka, usimpe dawa ya maumivu ya kawaida wiki nzima ukidhani ni kudeka. Mwambie daktari. Maumivu ya neva yana dawa zake.

Najua mtaniambia nini. Utasema fizio ni ghali, nauli iko juu, hospitali foleni ni kutoka alfajiri. Ni kweli, nimekaa hiyo foleni. Lakini ndiyo maana nasema kazi kubwa iko nyumbani. Hospitali unaenda kufunzwa, kupimwa na kurekebishwa. Mtu mmoja wa hii nyumba akijua vizuri, safari zinapungua. Na kuna mahali pa kuuliza kando na hospitali za kaunti. Shirika la APDK limekuwa likisaidia watu wenye ulemavu hapa Kenya tangu 1958, na wanatengeneza hivyo viatu na vifaa. Kijabe kuna hospitali ya CURE, iliyofunguliwa 1998, ambayo kazi yao ni mifupa na viungo vya watoto. Usikae nyumbani ukingoja muujiza wakati hujauliza.

Na kuna wakati wa kuuliza kwa sauti. Kama miezi mitatu imepita na hakuna dalili yoyote, hata kidole kimoja kusogea, rudi useme. Kuna kipimo cha kuangalia kama neva inapitisha ujumbe, na kuna watoto ambao hufaa waonwe na daktari wa upasuaji, na ikizidi kuchelewa misuli inazeeka kwa kukaa bure. Kungoja kwa kufuatilia ni sawa. Kungoja kwa kusahau ndio mbaya.

Mwingine ataniambia, si hii ni kazi ya mama? Ama mwanamume atakaa chini akihesabu 30 na mguu wa mtoto mkononi? Buda, wewe hukaa masaa matatu ukipiga game. Kaboss anahitaji dakika ishirini. Mama akifanya peke yake, akiugua wiki moja, mguu unakwama wiki moja. Nimeona kwa macho yangu vile wiki mbili zinaonekana kwa karula ka plastiki. Mguu haujui nani ni mama na nani ni anko. Unajua tu kama umenyooshwa ama haujanyooshwa.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linafaa kuanza kabla ya mguu wowote kuumia. Sisi Wakenya tunapenda sindano. Mtoto akipewa vidonge tunaona hajatibiwa, tunauliza "Na sindano je?" Malaria ya kawaida hutibiwa na vidonge vya AL, na kuna vya watoto vinavyoyeyuka kwa maji. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: kuna dawa ya kunywa? Kama kweli lazima sindano, swali la pili: inaweza kudungwa kwa paja? Angalia kitabu cha kliniki cha mtoto. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinazodungwa, zinadungwa kwa paja, upande wa nje. Hawadungi tako, na hiyo si bahati. Hapo kwa paja la mbele upande wa nje hakuna neva kubwa ya kugonga. Uliza kwa heshima. "Daktari, naomba iwe kwa paja." Maneno matano. Sista anasema angekuwa ameyajua, angeyasema. Mimi nayaandika ili wewe usiseme hivyo.

Mtauliza kama tulirudi kugombana na ile kliniki. Watu wa mtaa walitaka tuende na mawe. Sista alienda na karatasi. Aliomba waandike dawa gani ilidungwa, wapi na saa ngapi, na akapeleka malalamiko kwa maandishi panapostahili. Hiyo safari bado inaendelea na sitaiongelea hapa. Ila mawe hayangemfanya Kaboss ainue wayo.

Sasa yuko wapi? Tuko mwezi wa tisa. Kile kiatu bado anavaa. Akikimbia bado anaanguka, na akianguka anasema ni mimi nimemsukuma hata kama niko jikoni. Lakini wiki mbili zilizopita, asubuhi, nilikuwa nimefika 17 kwa kuhesabu, nikahisi kitu kwa kiganja. Kidogo sana. Nikadhani ni mimi nimetetemeka. Nikamwambia, Kaboss, leta vidole kwako. Kidole gumba cha kushoto kikainuka, labda nusu sentimita, kikashuka.

Nikamwita sista. Alikuja na mwiko mkononi, uji unamwagika nyuma yake. Kaboss akafanya tena, halafu akakataa kufanya mara ya tatu mpaka apewe chapati.

Sijui kitaishia wapi. Dada wa fizio anasema tuendelee, asijaze watu matumaini, na mimi namwamini. Lakini nataka kukuuliza wewe unayesoma hii ukiwa umelala. Kwa ploti yenu, kwa familia yenu, kuna mtoto anaburuta mguu na kila mtu anasema pole? Kama yupo, leo jioni usiseme pole. Muulize mamake mazoezi ni gani, mwambie akuonyeshe, halafu umwambie: asubuhi ni yangu.